Machicha ni Machicha

Mwaka wangu wa kwanza kitaluni Njombe, miche ya parachichi ilikula vizuri kuliko mimi. Mimi nilikula ugali na maharage ya kantini. Yenyewe iliota kwenye piti iliyotoka Ulaya kwa meli, ikapakiwa kwenye lori bandarini, ikapita Makambako usiku na mchana ikiwa kwenye marobota ya plastiki yenye picha ya jani la kijani kibichi. Piti, kwa ambao hawakusomea mambo haya, ni mabaki ya majani na mizizi yaliyolala kwenye kinamasi cha baridi kwa miaka mingi mno bila kuoza sawasawa. Ni nyepesi, inashika maji bila kuizamisha mizizi, haina magugu. Ina ubaya mmoja tu: kinamasi ukishakichimba hukirudishi.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha miche haifi. Vibarua waliniita Dokta wa Udongo, na mpaka leo sina hakika kama walikuwa wananisifu au wananicheka.

Siku moja bosi alirudi kutoka mkutano Dar es Salaam akiwa amechangamka sana. Alituita wote bandani akatutangazia kwamba wateja wa ng'ambo hawataki tena miche iliyooteshwa kwenye piti, kwa sababu uchimbaji wake unaharibu dunia, na kwamba sisi tutakuwa wa mbele katika jambo hilo. Nilipiga makofi kuliko wote. Halafu akasema mbadala ameshaupata, tena uko mlangoni kwetu. Ni ule udongo mweusi wa bonde la huku chini, mwingi kiasi cha kujaza viriba vya miche vya wilaya nzima.

Niliacha kupiga makofi. Nilimfuata ofisini nikamweleza kwa adabu zote nilizokuwa nazo kwamba ule udongo mweusi, mwepesi, unaolia maji ukiukanyaga, ndiyo piti yenyewe. Ya kwetu tu, isiyopanda meli.

"Piti inakuja kwenye robota," akasema. "Ule ni udongo."

Ndipo nilipoelewa kwamba mwajiri wangu, mtu aliyesoma na mwenye gari mbili, alikuwa ameacha robota, hajaacha piti.

Na bonde alilokuwa akilisema nilikuwa nalijua kuliko alivyolijua yeye, maana nimekulia humo. Kule kwetu mabonde hayo tunalima vinyungu, yaani matuta ya kiangazi. Milimani kukiwa kumekauka na kila mtu anasubiri mvua, chini kule unakata matuta kwenye unyevu, unapanda mahindi na maharage, na kabla ya Krismasi unachoma mahindi mabichi wakati jirani asiye na kinyungu anahesabu magunzi. Kinyungu cha shangazi yangu kilikuwa katikati ya bonde. Mama yangu alipofariki nikiwa bado mdogo, shangazi alinichukua, na kitu kilichonilisha, kikanivalisha, kikanipeleka chuo cha kilimo nikajifunze neno piti, ni kile kinyungu. Kwa hiyo nilipoona vijiti vyenye utepe mwekundu vimechomekwa upande wa juu wa bonde, sikuhuzunika. Nilikasirika.

Wenye mashamba ya juu walikuwa wameshakubali kuuza udongo wao. Ulikuwa wao, hakuna wa kuwazuia. Lakini ukichimba mfereji kule juu, maji yote yanashuka kwa mkupuo mmoja na kwenda zake, na matuta ya shangazi yanabaki makavu kama uwanja wa mpira. Yeye hakuulizwa. Shangazi ni mjane, anavaa mabuti ya mpira ya marehemu mume wake yanayompwaya, na sehemu pekee anapopaza sauti ni kwaya ya kanisa. Huko anaongoza sauti ya pili, na ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika. Hajawahi kuonja ulanzi, katika nchi ambayo ulanzi hutiririka kutoka kwenye mianzi bila kuombwa. Pombe hata jina lake halitamki. Huiita "kile kitu".

Nilirudi kwa bosi nikapiga kelele, safari hii bila adabu. Aliniacha nimalize, kisha akanipa mpaka mvua zianze. Nitengeneze mchanganyiko wa kuoteshea usio na piti wala udongo wa bondeni, uoteshe mche vizuri kama piti, na uwe mwingi wa kutosha kitalu kizima. Nikishindwa, anachimba. Na uchafu wangu nisiufanyie kitaluni kwake, maana wageni hupita.

Nikaufanyia uani kwa shangazi.

Njombe haina shida ya takataka. Kila ukigeuka kuna mashine ya mbao, na nyuma ya kila mashine kuna kilima cha vumbi la mbao ambalo mwenyewe anakuomba ukachukue. Kwa hiyo nilianza na vumbi la mbao tupu, nikajaza makopo, nikapanda maharage ya majaribio. Maharage yakawa ya njano kama wagonjwa wa ini. Nilijua sababu, ila nilikuwa na haraka: vumbi bichi la mbao lina njaa, linakula naitrojeni yote kabla mmea haujafika mezani. Nikajaribu pumba za mpunga, yale maganda makavu kutoka viwanda vya Makambako. Maji yakapita humo bila kusalimia, na punje zilizojificha kwenye pumba zikaota, nikawa mtu wa kwanza ukoo mzima kulima mpunga kwenye baridi ya Njombe. Nikaweka samadi ya kuku, ikaunguza kila kitu. Vibarua walikuja jioni kuangalia makopo na kunipa pole, na wengine pole zao zilikuwa na meno nje.

Kilichohitajika ni kuupika ule uchafu kwanza: kulirundika vumbi la mbao pamoja na kitu chenye nguvu, lichemke lenyewe, lioze, njaa iishe. Nikakumbuka nyuma ya kilabu cha pombe cha kijijini kwetu, mahali wanapomwaga machicha, yale mabaki ya nafaka wakishakamua komoni, pombe yetu ya mahindi. Asubuhi za baridi pale mahali palikuwa panafuka moshi. Nguruwe walipapenda kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa moja. Kubeba machicha kutoka kilabuni, mchana kweupe, kuyapeleka nyumbani kwa mwenyekiti wa wanawake wa usharika, ni habari ambayo ingefika kanisani kabla yangu. Nikaona niyaagize mbali. Aliyekuwa akiniletea pumba za mpunga alikuwa mzee mmoja wa Makambako, mwenye lori lake, mzaliwa wa Pangani aliyehamia bara zamani. Tulimwita Alhaji. Nikampigia simu, nikamwamkia, nikamwomba safari ijayo aniletee na machicha, mengi kadiri atakavyopata, mabichi. Akauliza ya kufanyia nini. Nikasema ya kurutubisha rundo. Akasema hamna neno, binti yangu. Nikashangaa alivyokubali upesi, nikajisemea kwamba kweli biashara haina dini.

Lori lilifika siku ya Jumamosi, saa ile ile kina mama wa kwaya walipokuwa wakitoka mazoezini na kupita njia ya nyumbani. Alhaji alishuka mwenyewe, kanzu safi, akaamuru viroba vishushwe kwa uangalifu. Alisema amezunguka kwa mama ntilie wote wa Makambako, kwenye kila kibanda kinachopika wali, na mengine ameyatoa jikoni kwa mke wake. Nikafungua kiroba. Yalikuwa meupe, laini, yananukia pilau na Idi.

Yalikuwa machicha ya nazi.

Kwa mtu wa Pangani, ukisema machicha, umesema nazi iliyokunwa ikakamuliwa tui. Hakuna machicha mengine duniani. Kwa sisi wa huku juu, ambao nazi tunaikuta sokoni imeshachoka na safari, machicha ni ya pombe. Nilimvuta Alhaji pembeni nikamnong'oneza nilichokuwa nakitaka. Alinitazama, akashika ndevu.

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Ulitaka nizunguke vilabuni na kanzu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaegemea tairi la lori, na kina mama wa kwaya nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Walichoona wao ni machicha ya nazi yakishuka kwa shangazi. Nazi haikutosha hata kulowesha rundo. Kuku wa shangazi waliifaidi, wakawa wanataga kama wamelipwa.

Sikuwa na njia nyingine. Alfajiri moja nilichukua viroba vile vile vya Alhaji nikaenda kilabuni, nikajaza machicha ya komoni, nikarudi nayo kwa toroli. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake. Harufu ilimfikia kabla yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu juu ya naitrojeni na vijidudu, lakini aliniuliza kwa kifupi ni nini hicho.

"Machicha, shangazi."

Alitazama viroba. Akatazama kuku wakidonoa nazi. Akatazama kule bondeni, kwenye vile vijiti vyenye utepe mwekundu, ambavyo kutoka mlangoni kwake vilikuwa vinaonekana vizuri sana.

"Machicha ni machicha," akasema. Akaingia ndani akalifunga dirisha la upande wa uani, na sikuliona likifunguliwa tena msimu ule wote.

Rundo likachemka. Ukiingiza mkono ulikuwa unautoa haraka. Baridi ya Julai inapowafanya watu wa Njombe watembee wamekunja mabega, uani kwa shangazi kulikuwa na kilima kinachofuka na kunuka kama Jumamosi jioni. Wanaume waliokuwa wakirudi asubuhi kutoka walikolala walisimama kulizunguka, wakinyoosha viganja, kimya, kwa heshima ambayo sijawahi kuwaona nayo mahali pengine. Mmoja alilisalimia: "Kamwene." Shangazi aliwapitia na ndoo yake ya maji kana kwamba hawapo.

Kina mama walipouliza harufu ile ni ya nini, aliwajibu kwamba ni machicha, na kwamba waliona wenyewe Alhaji akiyaleta. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilimheshimu sana siku zile, kwa namna ambayo Jumapili sikupenda kuifikiria.

Rundo lilipopoa lilikuwa limegeuka kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Nikachanganya na pumba za mpunga zilizochomwa nusu ziwe makaa, na majani yaliyooza kutoka chini ya miti ya miwati. Ukikamata konzi na kuminya, tone moja moja la maji linapenya kwenye vidole, halafu ukifungua kiganja konzi inaachana yenyewe. Maharage yakatoka ya kijani. Nikaotesha parachichi. Bosi alikuja mwenyewe, akachana kiriba kimoja kwa kisu, akaikuta mizizi myeupe imejaa kila upande. Alipangusa kisu kwenye suruali. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: hayo ni ya kiriba kimoja, ya kitalu kizima yako wapi?

Hapo ndipo umoja wa wanawake ulipoingia. Kila mama awe na rundo lake nyumbani, vumbi la mbao linaletwa bure, bosi ananunua yakiiva. Walikubali kwa wimbo. Na kwa kuwa waliijua siri ya shangazi, siri ya machicha, walichangishana wakamwagizia Alhaji nazi. Walikuna nazi Jumamosi kutwa. Usharika mzima ukala wali wa nazi, maharage ya nazi, mpaka viazi vya nazi, na watoto wakang'aa mashavu. Alhaji alinipigia simu kuniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, sisi Wabena tumepatwa na nini.

Marundo yao yalibaki baridi. Shangazi alipita nyumba kwa nyumba akiingiza mkono ndani ya kila moja, na kila alipoutoa alikuwa anaupangusa kwenye kanga bila kusema. Nami sikuweza kusema kwa niaba yake. Niliona mawingu ya kwanza yanajikusanya upande wa Makete, na kwenye bonde mtu wa bosi alikuwa ameanza kufyeka mahali pa kupita trekta. Nililala vibaya wiki ile. Nilijua kwamba neno moja lingeyachemsha yale marundo yote, na kwamba neno hilo lingemgharimu kitu ambacho alikipenda sawa na kinyungu.

Jumapili baada ya ibada, kama kawaida yetu, watu walikusanyika nje kwa ajili ya mnada wa sadaka: kuku, mkungu wa ndizi, kikapu cha mayai. Shangazi alikuwa ametoa mche wa parachichi kwenye kiriba. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, mtu mwenye koti jeusi na sauti kubwa, aliuinua juu akausifia: mche wa machicha ya nazi, kazi ya mikono ya mwenyekiti wetu, nani anaanza?

"Si ya nazi," alisema shangazi.

Hakupaza sauti, lakini alikuwa na sauti ya kwaya, ikafika. Mnadishaji alibaki ameinua mche.

"Ni ya komoni. Ya kilabuni. Nilifunga dirisha ili nisiyaone, na nikawaacha mkune nazi." Alinyoosha mkono kuelekea bondeni. "Nazi haichemshi. Mkiendelea nayo, mvua zitanyesha, kule watachimba, na mimi sitakuwa na pa kulima."

Mchungaji, kijana aliyeletwa kwetu karibuni, alitazama viatu vyake. Na katika ukimya ule mnadishaji, akiwa bado ameushika mche juu, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa msaada wa kitaalamu kwamba, kama ni hivyo, komoni ya Jumamosi ndiyo yenye machicha mazito.

Watu wote waligeuka kumtazama. Mke wake alimtazama zaidi. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia, na ile kujizuia ikaambukiza, mpaka usharika mzima ukawa unatikisika. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na sikujua kipi nikifute kwanza.

Jumatatu nyuma ya kilabu kulikuwa na foleni ya kina mama wenye ndoo. Mwenye kilabu, ambaye hajawahi kupata wateja waheshimiwa kiasi kile kwa mkupuo, alifuta benchi na kuwakaribisha wakae. Walikataa kukaa, lakini walijaza ndoo. Mke wa mnadishaji alijaza mbili. Baada ya muda, ukisimama mlimani asubuhi uliona nyua zote zinafuka. Bosi aliuona moshi ule kabla ya mvua, akasubiri marundo yaive, akayanunua yote, na leo huwaambia wageni kwamba wazo la kuacha piti lilikuwa lake. Nimemwachia. Mtu wake alirudisha trekta, na vile vijiti vyenye utepe mwekundu shangazi aliving'oa akavisimika kwenye matuta yake, maharage yapandie.

Baraza la wazee nalo lilikaa. Walisema wazi kwamba hawamwadhibu kwa machicha, maana hapo wengi wao wangelazimika kujibu kuhusu wake zao na ndoo. Wanamwadhibu kwa kuwaficha washarika ukweli. Akavuliwa uenyekiti, na asiimbe kwaya mpaka Pasaka. Mnadishaji alionywa kwa mdomo. Nilitaka kwenda kuwaambia wale wazee maneno ambayo yangenifanya nami nifukuzwe, lakini shangazi alinikataza.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Alisema kama haruhusiwi kuimba, hana sababu ya kwenda kukaa kama mtu aliyekosea harusi. Nilimkuta kinyunguni, amevaa yale mabuti yanayompwaya, anapandishia mahindi udongo. Spika za kanisa zilikuwa zimeelekezwa bondeni kama kawaida, na kwaya ilikuwa imeanza. Walipofika pale sauti ya pili inapopanda, kule juu wakayumba. Shangazi akaupokea ule wimbo kutoka kwenye tuta, bila kuacha kupiga jembe, akaupandisha mahali pake, akaushikilia mpaka wenzake wakafika. Wao hawakuwa na namna ya kumsikia.

Wimbo ulipoisha nikamuuliza kama anaumia.

"Naumia sana," akasema. "Lete hilo jembe jingine."

Nikavua viatu nikaingia mtaroni. Maji yalikuwa ya baridi, yakanifika vifundoni.